Dakika Kumi na Tisa

Walisema asiwe na chuma mwilini.
Nikavua pete, nikavua hereni,
usiku nikaitoa zipu ya suruali yake kwa wembe,
nikashona kamba.
Vizibo sikujua nitavifanyaje.

Vizibo saba vya soda. Elinami analala navyo.
Kanisani huvipanga juu ya benchi:
chekundu, chekundu, cheupe,
halafu vile vinne vilivyopauka,
na ole wa mkono utakaogusa.

Daktari Kundaeli alipanda kwetu Uru mwezi wa tatu,
mvua imeuvimbisha mfongo.
Akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni, akasema wazi:
"Hii si dawa, mama. Tunataka kuona tu.
Vitabu tulivyosomea vimejaa vichwa vya watoto wa mbali.
Wa kwetu wenye usonji hawamo."
Nilipenda kwamba hakuniahidi kitu.
Walioniahidi ni wengi:
wa mafuta, wa maji, wa kufunga siku tatu.
Mama mkwe hakuahidi. Aliuliza tu
nilikula nini mimba ikiwa ya miezi mitano.

Daktari akatuachia sauti ya mashine kwenye simu.
Ta-ta-ta-ta. Nguuu. Ta-ta-ta-ta.
Nikajua nyumba itapasuka kwa kilio;
huyu huziba masikio mwavuli ukifunguliwa.
Lakini Elinami aliinua kichwa,
akaenda nyuma ya banda,
akaweka kiganja juu ya mashine ya kumenya kahawa
ya marehemu babu yake,
ile ya kuzungusha kwa mkono.
Akaniangalia. Ni nadra kuniangalia.
Kweli, ilikuwa sauti ile ile,
na mimi miaka yote nazungusha gurudumu
bila kuisikia.

Wiki tatu tulifanya mazoezi ndani ya pipa la plastiki,
dada yake Mkunde akisoma saa.
Dakika mbili. Dakika tano. Tena moja.
Siku moja aling'ata.

Mlangoni kwa chumba cha sumaku, pale mjini Moshi,
fundi Shafii alipiga magoti. Hakunyoosha mkono.
Alifungua bahasha, akailaza sakafuni, akasubiri.
Mimi nilishaanza kuomba radhi, ndiyo kazi yangu,
naomba radhi sokoni, naomba radhi kwenye foleni.
Shafii akasubiri.
Kizibo kikaingia. Kingine.
Cha saba alikigusisha ulimi kwanza, kukiaga.

Dakika kumi na tisa.
Mtoto ambaye shule tatu zimemrudisha kwa kutotulia
alitulia tuli, maji ya mtungini,
na nyuma ya kioo
aliyetikisika ni mimi.

Kisha nikaonyeshwa picha.
Kijivu. Nusu mbili zimelala uso kwa uso,
mfereji katikati,
kama punje mbili ndani ya tunda moja la kahawa
unapolibinya kwa vidole.
Nikaikagua pembe zote. Nilikuwa nalitafuta kosa langu.
Ule ugomvi wa Pasaka?
Siku niliyoanguka na ndoo?
"Unaona nini?" nikamuuliza daktari.
"Ubongo wa mtoto wa miaka tisa," akasema.
Akanyamaza, akasogeza kiti.
"Picha moja haisemi, mama.
Mia zikikaa pamoja, labda zitanong'ona."

Sikulia. Nilidhani nitalia.
Niliomba tu nikae pale kidogo, wakaniacha.

Jioni, nyumbani, Elinami aliimwaga bahasha mezani.
Shafii, kwa wema wake, alikuwa amevisafisha vizibo.
Vilinuka spiriti.
Akavinusa kimoja kimoja, akakunja uso,
akatoka navyo hadi kwenye mgomba ulio karibu na mlango,
akachuchumaa, akavisugua kwa udongo
taratibu, vyote saba,
mpaka vikawa vyake.